Punje Iitwayo Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na muhula umeanza. Nimefika maabara viatu vimejaa maji, nikashinda peku. Hakuna jingine.

Jumatano, 6 Machi

Daktari wa chuo ndiye aliyesema niandike, hata mstari mmoja kwa siku. Nilimwendea kwa ajili ya usingizi, yeye akaniuliza habari za talaka. Nikamwambia imetoka, hatukuwa na mtoto, hakuna aliyempiga mwenzake, kila mtu kashika njia yake. Akauliza, "Na unajisikiaje?" Nikamjibu sijisikii. Akadhani sijamwelewa, akarudia swali polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi. Basi naandika.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike kazi, maana hiyo naijua. Tuna chemba ya chuma yenye dirisha la kioo, ukubwa wake kama sufuria ya kupikia watu wa harusi. Pampu inanyonya hewa yote. Tunaingiza gesi kidogo sana, tunapitisha umeme, gesi inawaka rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo plazma. Halafu tunatikisia ndani yake vumbi la plastiki, punje ndogo kiasi kwamba ukizimwaga mezani utadhani hujamwaga kitu. Kila punje inabeba umeme, kwa hiyo zinasukumana, zinaelea, zinajipanga safu safu kama viti vya ukumbi. Tunazimulika kwa leza ya kijani, kamera inapiga picha mfululizo. Ukipunguza gesi, wingu la vumbi linaanza kutikisika lenyewe na mawimbi yanapita ndani yake.

Ninachotafuta ni wimbi korofi. Ni wimbi moja linaloinuka ghafla, kubwa mara mbili au zaidi ya makubwa wenzake, halafu linapotea bila kuaga. Baharini linazamisha meli. Kwenye chemba yetu halina cha kuzamisha, ndiyo maana tunaweza kukaa nalo karibu. Mawimbi ya namna hii hayajumlishani kama hesabu za shule ya msingi, yananyang'anyana. Moja linapanda kwa kuwanyonya majirani zake, na majirani wanabaki bapa.

Nimelitafuta kwa miaka minne. Sijaliona hata mara moja. Muhula huu ukiisha, muda wangu hapa chuoni umeisha, nina tasnifu au sina.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala mchana kutwa. Shangazi alichungulia mlangoni kutazama kama napumua.

Jumanne, 12 Machi

Sijamwandika Msafi, na ndiye mtu ninayemwona kuliko wote. Tulimpa jina hilo kwa sababu anaosha chemba kwa spiriti na pamba hata kama imeoshwa jana, na anayeingia maabara na viatu vyenye tope atasemwa mpaka ajute kuzaliwa. Tuliingia chuoni mwaka uleule. Mimi natafuta wimbi korofi. Yeye anaandika tasnifu ya kuthibitisha kwamba katika hali ya gesi tunayotumia wimbi hilo halitokei. Ushahidi wake ni ukimya: maelfu ya rekodi, na halimo. Kamera ni moja, programu ni moja, chemba ni moja. Idara nzima inatucheka kwamba sisi ni mume anayetafuta funguo na mke anayemwambia hazipo.

Tasnifu yake imekwisha. Anaitetea mwezi wa tano. Chuo cha kwao kimemwekea nafasi ya uhadhiri mpaka muhula mpya uanze, basi. Mke wake ni muuguzi huko. Wameishi mbalimbali miaka yote hii, na kila akipigiwa simu Msafi hutoka koridoni na kurudi na uso wa mtoto aliyepewa pipi.

Nilipokuwa mahakamani mwezi wa kwanza, alinifanyia rekodi zangu zote. Sikumwomba. Nilirudi nikazikuta zimepangwa, kila moja na tarehe yake. Nilijua kwamba hapo mtu anatakiwa kuguswa. Nikasema asante.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Yule bwana aliyekuwa mume wangu alikuja kuchukua kabati lake, lililofika hapa na mizigo yangu. Lilikuwa zito, na kijana wa mkokoteni alikuwa mmoja, nikashika upande wa pili mwenyewe. Tulilitoa tukipokezana maneno: inua, kunja kushoto, shusha taratibu. Tulielewana kuliko tulivyoelewana mwaka mzima uliopita. Akasema, "Uwe salama." Nikasema, "Na wewe angalia hiyo bawaba."

Shangazi aliyaona yote kutoka kwenye cherehani yake. Ni dada wa baba, ndiye aliyenipokea hapa kwake, na mdomo wake hauna breki.

"Mwenzio anaondoka na kabati, wewe unambebea!"

"Lilikuwa zito, Shangazi."

"Ungemwangushia mguuni! Angalau ningejua mwanangu bado yumo humo ndani."

Nikacheka kidogo ili aridhike. Hakuridhika.

Jumatatu, 25 Machi

Rekodi nyingine. Programu imezipitia zote. Hakuna.

Jumatano, 27 Machi

Hakuna.

Ijumaa, 29 Machi

Hakuna. Profesa amepita na mwavuli unaovuja, amesoma majedwali yangu akiwa amesimama, akasema, "Mwenzako atasema alikuambia." Msafi hakusema. Alichukua kitambaa akapangusa matone ya mwavuli sakafuni.

Jumanne, 9 Aprili

Leo naandika kirefu.

Lazima kwanza nieleze sheria ya Profesa. Maabara yetu ina mwiko mmoja: hakuna kuangalia picha kwa macho. Kamera ikimaliza, picha zinaingia kwenye programu moja kwa moja, na sisi tunasoma namba zinazotoka. Profesa aliweka sheria hii zamani, baada ya kijana mmoja kutangaza ugunduzi ambao ulikuwa hamu yake tu. Anasema mtu mwenye kiu ya wimbi ataliona hata ukutani. Tuliikubali sheria, tukajivunia. Maabara nyingine wanakodoa macho. Sisi ni watu wa namba.

Mchana mvua ilishuka kwa hasira, barabara ikajaa, nikanasa maabara peke yangu. Msafi alikuwa maktaba. Kazi ilikuwa imekwisha, sikuwa na kitabu, na sikutaka kusikiliza kichwa changu. Nikafungua picha za rekodi moja ya mwezi wa kwanza, mojawapo ya zile alizonifanyia yeye. Sikuwa natafuta wimbi, nataka hilo lieleweke. Nilikuwa naangalia tu vile mtu anavyoangalia mvua.

Kwenye rekodi hiyo yumo Bibi Harusi. Ni punje mbili zilizogandana, kwa hiyo inang'aa kuliko wenzake wote. Msafi ndiye aliyeipa jina. Baada ya talaka yangu alitaka kulibadilisha, nikamwambia aliache, punje haina kosa.

Nikawa namfuata Bibi Harusi kwa kidole kwenye skrini. Anapanda, anashuka, anapanda, anashuka. Mara akaruka. Katika picha moja yuko hapa, inayofuata yuko pale mbali, amewapita majirani zake, halafu pale zaidi, halafu akarudi taratibu na kutulia, na wingu zima likatulia. Nikarudisha. Akaruka tena vilevile.

Nikafungua namba za programu za dakika hiyo hiyo. Zilisema utulivu. Tena zilisema utulivu kuliko sehemu nyingine yoyote ya rekodi.

Nilikaa nikifikiri mpaka mvua ikapungua, ndipo nikaelewa, na jambo lenyewe ni la kitoto. Programu inaifuata kila punje kutoka picha moja hadi nyingine kwa kuuliza: ni punje ipi sasa iliyo karibu zaidi na pale ulipokuwa? Ikiipata, inadhani hiyo ndiyo wewe. Mawimbi madogo hayana shida. Lakini fikiria watu ukumbini wote wahame kiti kimoja kwa mpigo. Ukipiga picha kabla na picha baada, viti vyote vimejaa, na utaapa kwamba hakuna aliyenyanyuka. Punje zikiruka mbali kupita kiasi kati ya picha mbili, jirani anakuwa ameshika nafasi yako, programu inamchukua jirani ikidhani ni wewe, na inaandika: hakusogea. Wimbi likiwa kubwa zaidi, namba zinakuwa tulivu zaidi.

Kwa hiyo mawimbi korofi yalikuwa yakipita muda wote. Tuliyarekodi, tukayaandika kama utulivu. Jicho la mtoto lingeyaona, na sisi tulikuwa tumeyakataza macho.

Nilipaswa kuruka mimi pia, nadhani. Niliosha kikombe.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimehakikisha. Ukiikata picha ya kamera iwe nyembamba kama utepe, kamera inaweza kupiga haraka zaidi, na punje hazipati nafasi ya kubadilishana viti kati ya picha mbili. Nimefanya hivyo siku tatu. Programu ile ile sasa inaliona. Limepita mara mbili, refu na jembamba, na majirani wake wameinama pande zote mbili kama nadharia inavyotaka.

Ninayo tasnifu. Msafi hana tena. Nimeandika sentensi hizo mbili na kuzisoma, na nimejisikiliza. Ganzi tupu.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa anasugua dirisha la chemba.

"Kaka, nina jambo."

"Kama ni pampu, nimeshaipaka grisi."

"Si pampu. Nimeliona."

Hakuuliza nimeona nini. Alisugua mahali pale pale, na pale palikuwa pameshatakata.

"Kwa macho?"

"Kwa macho kwanza. Halafu kwa programu, na picha nyembamba. Njoo nikuoneshe."

Hakuja. Nikamweleza nikiwa nimesimama, habari za jirani anayeshika nafasi ya jirani. Msafi si mtu wa kuelezwa mara mbili. Niliona pale alipoelewa, kwa sababu mkono wake ulisimama.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi na mimi hujaniambia."

Akafunga chupa ya spiriti, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Msafi ananiamkia, ananipisha kwenye kamera, ananiachia chai kwenye chupa. Hatuongei zaidi ya hapo. Mvua.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilimweleza Shangazi. Nililazimika kuanzia mbali, kwenye vumbi, na yeye akiendelea kupinda suruali ya mtu.

"Kwa hiyo hilo wimbi ni mhuni," akasema. "Linapita, linafanya yake, na mlinzi anaandika usiku ulikuwa shwari."

"Ndivyo hasa."

"Na huyo kijana akijua mhuni yupo, hapati cheo."

"Hapati mwaka huu. Na mwakani ile nafasi ya kwao haipo."

"Kwani ukinyamaza mpaka apite, kuna atakayekufa?"

"Hakuna. Lakini nikitoa yangu baadaye, kila mtu ataona kwamba yake ni uongo. Watamwuliza kama alijua."

"Na ukinyamaza moja kwa moja?"

"Basi mimi ndiye nisiye na kitu."

Akakata uzi kwa meno. "Mwanangu, mimi sijui vumbi. Ninachokuuliza, wewe unataka nini?"

Nilitafuta jibu kwa uaminifu. Nilimwambia sijui, na akaacha kushona. Nadhani nilimtisha.

Jumatano, 24 Aprili

Nilikwenda ofisini kwa Profesa. Shikamoo, marahaba, keti. Akaanza kunisimulia vile Msafi atakavyokuwa mwanafunzi wake wa mwisho kabla hajastaafu, na vile kazi yake ilivyo safi, hakuna mahali pa kuingiza hata wembe. Programu aliiandika Profesa mwenyewe, akiwa bado na nywele. Alisema hivyo, akajipapasa upara, akacheka. Nikasema nimekuja kuomba karatasi za printa. Akanipa.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimeanza kumchukia Msafi kidogo. Nimelishangaa hilo, kama mtu anayekuta shilingi kwenye koti la zamani. Nilikuwa nimemweka juu sana: mtu asiyeacha alama ya kidole kwenye kioo, na sasa anajua na anaendelea kupangilia vitabu vya rejea kwa alfabeti. Lakini na mimi najua, na nimeomba karatasi za printa.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua. Paa la koridoni linavuja, wameweka ndoo.

Jumatano, 8 Mei

Msafi amevunja ukimya. Alikuja na suti yake kwenye mfuko, ameitoa kwa dobi.

"Dada, keshokutwa usije."

"Nitakuja."

"Kwa nini uje?"

"Kwa sababu ulinifanyia rekodi zangu."

Alikaa kwenye kile kiti kibovu bila kukumbuka kwamba ni kibovu. "Nikikuona pale sitaweza kusema nilichokiandika."

"Sitasema kitu, kaka. Nakuahidi. Nitakaa nyuma."

"Najua hutasema," akasema. "Ndiyo maana naomba usije."

Nilimwona amekonda. Sikuwa nimeliona hilo kabla ya leo, na tunakaa chumba kimoja kila siku.

Ijumaa, 10 Mei

Nilikwenda. Nilikaa nyuma, karibu na mlango.

Chumba cha mikutano kilikuwa na watu wa idara, wanafunzi wachache waliofuata chai, Profesa mbele kabisa na tai ambayo sijawahi kuiona, na mtahini wa nje, mama mfupi kutoka chuo kingine, miwani imening'inia kifuani. Msafi alieleza vizuri. Picha zake zilikuwa safi, majedwali yake safi, na kila mara ukimya ule ule: halimo, halimo, halimo. Profesa alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Yule mama aliuliza maswali ya kawaida. Halafu akauliza moja ambalo nadhani humwuliza kila mtu anayekuja kusema amekosa kitu.

"Unajuaje kwamba programu yako ingeliona, kama lingepita?"

Msafi alikuwa na jibu. Lipo kwenye ukurasa wake, nimelisoma mwenyewe: waliijaribu programu kwa mawimbi ya mfano, ikayapata yote. Ni kweli ilijaribiwa, kwa mawimbi madogo. Hakulitoa. Hakugeuka kunitazama. Naandika hilo kwa sababu watu watasema alinitazama.

"Nilikuwa najua," akasema. "Sasa..." Akaweka kalamu chini. "Hapana, niseme vizuri. Isingeliona."

Profesa akainua kichwa. "Unasemaje?"

"Isingeliona, Profesa. Mwenzangu aliligundua hilo mwezi uliopita, akaniambia. Nilimwambia ajifanye hajaniambia."

Kisha akaenda ubaoni, akachora punje, akaeleza vile jirani anavyoshika nafasi ya jirani. Alieleza kwa ufasaha kuliko mimi nilivyoeleza. Nilijua kwamba wiki zote zile alikuwa akilifikiria usiku na mchana, mpaka amelijua kila upande. Nilimtazama Profesa kwa nyuma, shingo yake, na nikaona inapoteza nguvu kidogo kidogo.

Walitutoa nje. Walipotuita tena, Profesa alisoma uamuzi mwenyewe: arudie rekodi zote kwa namna mpya, aandike upya, arudi baada ya mwaka. Yule mama aliongeza kwamba katika miaka yake ya utahini hajawahi kuheshimu mtahiniwa kama leo. Msafi akamshukuru. Heshima haina kiti cha uhadhiri.

Koridoni Profesa alinishika mkono. "Wewe utaandika hii. Nitakuombea muda. Hongera." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikasema asante, Profesa. Hongera ile ilinipita kama salamu ya mtu mwingine.

Nilimkuta Msafi maabara. Ameshavua koti la suti, amekunja mikono ya shati, anaosha chemba. Simu yake ilikuwa inaita mezani, na mikono yake imelowa spiriti, akaniambia, "Iguse hapo, weka sauti ya nje." Nikaigusa.

"Enhe!" Sauti ya mke wake, na nyuma yake kelele za wodi, magurudumu ya kitanda yanapita. "Nishangilie au nisubiri?"

"Usishangilie," akasema Msafi.

Magurudumu yakapita. "Wamesemaje?"

"Mwaka mmoja tena."

"Na ile nafasi?"

"Haitanisubiri. Makosa ni kweli yalikuwepo, mama. Nimeyasema mwenyewe."

Nilisubiri amlaumu. Mimi ningelaumu. Nilisimama pale na kidole changu bado kiko karibu na simu, nikisubiri yule mwanamke apige kelele, ahesabu miaka, aseme ndiyo basi.

"Haya," akasema. Halafu akasema, "Umekula?"

Msafi alikuwa ameinamia chemba, ameishika kwa mikono miwili.

"Hajala," nikasema mimi.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, wifi. Wa maabara."

"Ah, wifi yangu! Mpeleke akale, tafadhali. Huyo akiwa na huzuni anaosha vyombo tu, hajui kama ana tumbo." Akavuta pumzi, na nikasikia kwamba na yeye analia, ila analia kikazi, kimyakimya, wagonjwa wasisikie. "Nashukuru sana kwamba uko naye. Anakusifu kila siku. Nashukuru, wifi."

Nilitaka kumwambia asinishukuru. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyeyagundua makosa hayo. Kikatoka kitu kingine kabisa, kilio cha kelele, cha aibu, nikakaa sakafuni mwa Msafi na viatu vyangu vya tope nikalia. Kiliuma. Kiliuma kifuani na mbavuni, na sikuweza kukizuia, na sikutaka kizuiwe.

"Kuna nini huko?" wifi akauliza. "Nani analia?"

"Dada," akasema Msafi. "Mwache alie."